Samaki Wanene wa Shimo la Baba

9 Februari

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Ninaanza kwa ahadi, na ninaiandika kwa wino ili isifutike: katika barua zangu nitakueleza kila kitu, hata yale yatakayoniaibisha. Mwalimu wa Biolojia anasema mtafiti anayechagua matokeo ya kutaja na ya kuficha si mtafiti, huyo ni mchumba. Sikumwelewa vizuri, lakini niliandika kwenye daftari.

Huku hatujambo. Baba hajambo, anafyatua matofali kama kawaida na kugombana na mawingu. Mama, wifi yako, hajambo. Cherehani yake imerudi kutoka kwa fundi, ila sasa inashona kwenda mbele tu, kurudi nyuma imekataa kabisa. Bibi hajambo. Amesimama hapa nyuma yangu mpaka niandike kwamba hajambo, nami nimeandika.

Jambo lililonifanya nishike kalamu ni hili. Muhula uliopita Mwalimu Mkuu alitangaza vita dhidi ya mbu wa malaria. Sisi wa Klabu ya Mazingira tulizibua mifereji yote kuanzia lango la shule hadi sokoni. Mimi ndiye katibu, kwa hiyo nilizibua na kuandika. Tulipomaliza, Mwalimu Mkuu alihutubia akiwa amesimama juu ya lundo la matope, akasema malaria imezikwa. Wiki zilizofuata nusu ya darasa letu ililala na homa. Mwalimu Mkuu mwenyewe alilala na homa.

Nilimuuliza Mwalimu wa Biolojia tumekosea wapi. Akasema, "Mbona una shangazi anayelipwa mshahara ili aumwe na mbu? Muulize yeye." Nilipomwomba Baba ruhusa ya kukuandikia, alikung'uta udongo mikononi, kisha akasema posta ni ya watu wote.

Kwa hiyo nauliza: mbu wa malaria wanazaliwa wapi? Swali la pili si la biolojia. Kwa nini huji nyumbani?

Mwanao,
Katibu wa Klabu ya Mazingira


2 Machi

Profesa wangu,

Marahaba. Barua yako imechelewa kwa sababu dereva wa kituo chetu cha utafiti, anayepita huko kwenu kutubebea barua, aliiweka chini ya tairi la akiba ili isipeperuke, kisha akasahau kwamba ana tairi la akiba. Huku bondeni simu hazishiki, labda upande juu ya tangi la maji, na mimi ni mtu mzima mwenye heshima zake. Tutaandikiana.

Sijambo. Mkono wangu wa kushoto ndio wenye mambo, maana leo ilikuwa zamu yake ya kulisha. Nina chumba chenye joto na unyevu, vizimba vya wavu kila upande, na ndani yake mbu ninaowalea tangu yai. Mbu jike hatagi mpaka anywe damu, na damu ya kununua wanaichezea kama watoto waliodekezwa. Basi natia mkono kizimbani, nasoma gazeti, wao wanakula. Usiogope, wamelelewa humu humu na hawana malaria. Wanaume zao hawaumi. Wanakunywa maji ya sukari, wanacheza angani jioni, wanakufa mapema. Mwambie Bibi, anayeuliza nitazaa lini, kwamba nimempa wajukuu wengi kuliko ukoo wetu wote, na wamekuzwa kwa damu yangu halali.

Sasa mifereji yenu. Mmefanya kazi nzuri ya kufukuza mbu asiyehusika. Mbu wa mferejini ni mkorofi, anapiga kelele masikioni na kukunyima usingizi, lakini malaria si kazi yake. Mbu wa malaria ana maringo. Maji ya uvundo hayataki. Anataka maji safi, yaliyotulia, yanayopigwa na jua: alama ya gurudumu iliyojaa mvua, nyayo za ng'ombe, na kadhalika.

Chukua upawa mweupe. Uinamishe taratibu pembeni mwa maji, uache maji yaingie yenyewe, kisha utazame viluwiluwi. Kinachoning'inia kichwa chini na makalio juu ni cha mferejini. Kinacholala bapa chini kidogo ya uso wa maji, kama mtu aliyekula akashiba, ndicho chenyewe. Akishakuwa mbu anageuza tabia: anatua ameinua makalio kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda.

Swali lako la pili limeliwa na mbu.

Na mimi nina langu. Kwa nini Bibi alikusimamia nyuma ili uandike hajambo? Mtu asiye na jambo hahitaji mlinzi.

Shangazi yako


16 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa mkono. Huku hatujambo. Mvua imeanza, na tanuri la Baba limefunikwa mabati. Bibi anakusalimu sana na anasema hao wajukuu wa kizimbani usimletee. Mchana huwa anakaa juani amejifunika blanketi, anasema ni mambo ya uzee.

Upawa mweupe ni mmoja tu humu ndani, na ni wa mchuzi. Niliuchukua bila ruhusa, nikauchemsha kabla ya kuurudisha, kisha nikamweleza Mama. Alinitazama, akautazama upawa, akasema tangu leo mchuzi utapakuliwa kwa kikombe.

Mferejini nilikuta viluwiluwi wengi, wote kichwa chini. Kwenye alama za magurudumu walikuwemo waliolala bapa, wachache. Wachache mno kulaza darasa zima. Nikaisoma tena barua yako, nikafika pale ulipoandika "na kadhalika". Mwalimu wetu wa lugha ametukataza maneno hayo, anasema ndimo anamojificha mvivu au mwoga. Wewe si mvivu, Shangazi.

Nikaenda kwenye mashimo ya Baba.

Unayajua kuliko mimi: yale aliyochimba udongo wa matofali nyuma ya nyumba, mpaka lile kubwa nyuma ya tanuri. Yote yamejaa mvua. Maji ni safi, unaona kokoto chini. Nilichota mara moja tu. Walikuwa wamelala bapa, wamejipanga kama mkeka.

Nikasikia sauti ya Baba nyuma yangu. "Unafanya nini na upawa wa mama yako?"

"Napima maji, Baba."

"Yana homa?" Akacheka. Kisha akaona jinsi nilivyouinamisha, akaacha kucheka. "Nani amekufundisha kuchota hivyo?"

"Ni biolojia."

"Hm. Biolojia inachota kama mtu ninayemjua," akasema, akaenda kupanga matofali yaliyokuwa yamepangwa tayari.

Mama ndiye aliyenisimulia yaliyobaki, huku ana pini mdomoni. Kwamba ulipokuja mara ya mwisho ulichota kama mimi, ukasema mbele ya mjenzi aliyekuja kununua kwamba kaka yako anafyatua matofali mchana na malaria usiku. Mjenzi akacheka, akaondoka, akaenda kununua kwingine, na maneno akayasambaza njia nzima. Kumbe ndiyo sababu watu wanamwita Baba Mzee Malaria! Mimi siku zote nilidhani ni kwa sababu ya wembamba wake.

Nieleze wewe sasa.

Mwanao


10 Aprili

Profesa,

Marahaba. Sijambo. Mkurugenzi wetu ameng'atwa na mbu waliotoroka kizimbani, na tangu hapo amekumbuka kwamba tuliomba wavu mpya mwaka juzi. Sayansi inasonga mbele.

Lawama za upawa niletewe mimi. Mwambie wifi yangu nitamtumia wa kwake, wa bati, wenye mpini mrefu.

Kuhusu mashimo ya kaka yangu, sina maoni. Nilikuwa nayo, nikaambiwa niyachukue niondoke nayo, na nisikanyage pale tena mpaka niombe radhi. Niombe radhi kwa nani? Waliotajwa ni mbu, na hawakulalamika. Kama ningenyamaza, wangezaliana bila kelele kama wanavyozaliana sasa. Basi. Mjadala umefungwa na nimekaa juu ya kifuniko.

Nikiwa nimekaa hapo, nataja tu, kama mtu anavyotaja hali ya hewa, kwamba wako samaki wadogo wanaopenda viluwiluwi kuliko watoto wanavyopenda peremende. Sikwambii uwatie mahali popote. Sikwambii kwamba shule nyingi zinao kwenye bwawa la maua.

Blanketi juani, umesema. Mchana, umesema. Uzee nimeusoma pia, na kutetemeka juani si dalili yake. Andika.

Shangazi yako asiye na maoni


30 Aprili

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Upawa umefika. Mama ameupenda, ameutundika ukutani na kunikataza kuugusa.

Bibi anasema nikuandikie kwamba yeye ni mzima, na kwamba mtu mzima hapelelezwi kwa barua. Yalikuwa marefu zaidi, nimefupisha.

Shuleni kuna bwawa la maua, na ndani wamo samaki wasiozidi kidole. Mwalimu wa Biolojia alinipa ndoo moja, akaniomba nisimwambie Mwalimu Mkuu, kwa sababu wale samaki wameandikwa kama mali ya shule. Nilimwomba Baba ruhusa ya kuwatia katika shimo moja. Sikusema kwa nini.

"Samaki wa nini?"

"Kazi ya shule."

"Shule hizi," akasema Baba. "Zamani mtu alisoma hesabu akatosheka. Sasa samaki. Kesho mtaniletea mamba."

Lakini hakukataa. Akaja kutazama nilipokuwa nawamwaga. Akachuchumaa. Akasema wadogo sana hawa, wamekonda, huko shuleni hamwapi chakula? Nikamwambia humu shimoni chakula kipo cha kutosha. Akaangalia maji, hakuniuliza chakula gani.

Nitachota kila Jumamosi kwa kikombe cheupe nilichopewa na Mwalimu. Nina matumaini makubwa, ingawa Mwalimu anasema matumaini hayaandikwi kwenye jedwali.

Mwanao


2 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujanijibu. Nimejiambia ni lile tairi la akiba.

Huku hatujambo. Baba amechoma tanuri moja, moshi wote ukaingia kwenye nguo alizoshona Mama, na sasa wateja wa Mama wananukia kama matofali. Bibi yuko kitandani kwa sababu, anasema, kitanda ni chake.

Nina aibu kuandika haya. Jaribio langu limekwenda kinyume. Wiki za kwanza viluwiluwi vilipungua, nikafurahi mapema nikamwonyesha Mwalimu. Kisha vikaongezeka. Jumamosi iliyopita vilikuwa vingi kuliko kabla ya samaki. Na samaki wapo! Hawajafa. Wamekuwa wanene, Shangazi. Wanaogelea polepole kama wenye hoteli. Nilimwona kwa macho yangu samaki mmoja akipita kando ya kiluwiluwi, akakigusa kwa pua, akaendelea na safari yake.

Mwalimu anasema hajawahi kuona kitu kama hicho. Yeye habari zao amezisoma vitabuni tu. Nimerudia kila hatua. Kosa langu liko wapi?

Mwanao mwenye huzuni


11 Juni

Profesa,

Marahaba, na pole. Nilikuwa mbali, nikilala katika vijiji viwili ugenini na suruali imekunjwa mpaka magotini, nikingoja mbu watue mguuni ili niwavute kwa mrija kabla hawajauma. Hiyo ndiyo kazi inayomfanya Bibi aseme nina cheo.

Nimecheka barua yako mpaka mpishi wa kituo akaja kuniuliza kama aite gari. Usihuzunike. Jaribio lako halina kosa hata kidogo. Limekuonyesha jambo ambalo wewe hukuliuliza.

Samaki hanenepi kwa viluwiluwi huku viluwiluwi vikiongezeka. Hesabu haikubali. Kuna mtu anawalisha. Samaki akishiba pumba hana sababu ya kukimbizana na kitu kinachomkwepa, sawasawa na wewe ukishiba nyumbani huendi kuwinda panzi.

Nani anawalisha samaki wako? Usimuulize mtu, kila mtu atakataa. Tazama.

Na hili la Bibi kitandani kwa kuwa kitanda ni chake, mimi silimezi. Ulianza barua za mwaka huu kwa ahadi. Nimekaa na kalamu. Nangoja.

Shangazi yako


24 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Leo siwezi kuanza na cherehani.

Alhamisi nilitoka shule mapema, nikajificha nyuma ya rundo la matofali karibu na mashimo. Wa kwanza kuja alikuwa Baba. Ana kopo la pumba. Akachuchumaa, akasema, "Njooni, wanangu, njooni. We mwenye mkia mfupi, jana hukula vizuri. Una nini?" Shangazi, mimi ni binti yake wa kwanza na hajawahi kuniuliza kama jana nilikula vizuri.

Alipoondoka akaja Mama na maganda ya mkate ndani ya kitambaa. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akamwaga, akasema, "Kuleni upesi, asije akawaona mwenye shule." Mwenye shule ni mimi.

Wa tatu ni Bibi. Alikuja taratibu, ameshika ukuta wa tanuri, blanketi begani, na mabaki ya chakula chake cha mchana katika bakuli. Chakula chote, Shangazi. Hakukigusa. Alimwaga kidogo, akaanza kutetemeka, bakuli likamponyoka likazama, naye akakaa chini palepale kwenye tope.

Nilitoka mbio nikapiga kelele. Baba na Mama wakaja.

Sasa nasema. Bibi aliniapisha nisikuandikie, na mimi nilikuahidi wewe kabla yake. Hii ni mara ya tatu tangu mwaka uanze. Mara mbili za kwanza alikunywa dawa siku mbili, akapata nafuu, akaacha. Alisema ukijua utakuja, na mkikutana na Baba mtagombana, na yeye hana nguvu za kuamua ugomvi.

Hapakuwa na gari. Baba alimwaga matofali kutoka kwenye toroli, akatandika magunia, akamweka Bibi humo, akasukuma. Njia nzima watu walitoka kutazama. Bibi akawa anasema, "Nishushe, mimi si tofali!" na Baba anasema, "Mama, tulia, utaanguka," na Bibi anasema, "Nitaanguka nikiwa mtu, si mzigo."

Huko zahanati muuguzi alimtoboa kidole, akasubiri, akasema ni malaria. Akauliza tunaishi wapi ili aandike. Mama akasema, kule nyuma ya soko, kwenye mashimo.

"Aa!" muuguzi akasema bila kuinua kichwa. "Kwa Mzee Malaria."

Baba alikuwa amesimama mbele yake, ameshika kofia. Mimi ndiye niliyetazama sakafu.

Tulipokuwa tunarudi alisukuma mpaka tukapita soko. Kisha akaniuliza, "Lile shimo la nyuma ya tanuri, umelipima?"

"Ndiyo, Baba."

"Likoje?"

"Limejaa."

"Limejaa maji?"

"Limejaa wao."

Akasukuma. "Na hawa samaki?"

"Wangewala, Baba. Lakini mnawalisha."

"Sasa nimwangalie kiumbe ana njaa?"

"Chakula chake ni viluwiluwi."

"Ungekuwa wewe, ungekula kiluwiluwi na pumba ipo?" Akatafakari alichokisema. Uso ukambadilika. Akapunguza mwendo. "Shangazi yako alijua haya yote."

"Alikuambia, Baba."

Toroli likasimama. Bibi akafumbua jicho moja ndani ya magunia akasema, "Mimi nimelala, sisikii chochote. Endeleeni."

Lakini Baba hakuendelea. Alisukuma mpaka nyumbani, na chakula hakula.

Bibi anamtaka binti yake, Shangazi. Hajalisema. Ila homa ilipopanda alikuwa anakuita kwa lile jina la utotoni, na Baba alikuwa mlangoni.

Mwanao


3 Julai

Binti yangu,

Marahaba. Umefanya vyema kuniambia, na usijilaumu kwa kiapo cha Bibi. Nitabishana naye mwenyewe.

Hakikisheni anamaliza dozi yote, hata akiamka siku ya pili na kudai amepona. Simama mbele yake mpaka ameze, kisha aseme neno refu. Vidonge vikibaki atampa jirani, namjua. Alale ndani ya chandarua, nimempa dereva kipya. Nimempa pia mfuko wa dawa ya unga. Nyunyiza kijiko kidogo kwenye kila shimo. Inaua viluwiluwi na haidhuru samaki, hata hao wenye hoteli. Lakini dawa ni ya muda. Mashimo ambayo hayatumiki yafukiwe. Hakuna ujanja mwingine, na ningekuwa nao ningeuandika hapa.

Nimefunga begi mara mbili na kulifungua mara mbili. Alisema nisikanyage mpaka niombe radhi. Nimejaribu mbele ya kioo. Uso wangu unakataa. Nikisema samahani kwa kuwa mbu walikuwemo, nitakuwa nimemdanganya, na yeye atajua, maana tangu utoto hajawahi kuniamini nikiwa mpole.

Mwambie kaka yangu

Hapo nimekata mistari miwili. Usijaribu kuisoma kwenye mwanga.

Shangazi yako


20 Julai

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Niliisoma kwenye mwanga, hata pale ulipomtaja mjenzi. Samahani sana. Sikumwambia Baba. Niliacha barua mezani ikiwa wazi nikaenda kuteka maji, na niliporudi ilikuwa imekunjwa vizuri kuliko nilivyoiacha.

Bibi amepona. Amemaliza dozi. Kila baada ya kidonge nilimtaka aseme neno refu, naye alisema maneno marefu ambayo siwezi kukuandikia. Juzi amekula sahani nzima na kudai nyingine. Chandarua amekipenda, ila anasema kimetengenezwa na mtu asiyejua kwamba wazee hushuka kitandani mara kwa mara.

Dawa nimeinyunyiza kama ulivyosema. Samaki hawalishwi tena. Baba akipita shimoni anageuza uso upande wa pili kama mwenye deni, na yule mwenye mkia mfupi anamfuata pembeni mwa maji mpaka mwisho. Jumamosi nilichota mara nyingi, kikombe kikatoka kitupu.

Sasa jambo lenyewe. Jumatatu nilisikia kishindo nyuma ya nyumba kabla sijaenda shule. Baba alikuwa anafukia. Anajaza matofali yaliyovunjika, kisha udongo, anashindilia kwa miguu. Nilimuuliza anafanya nini, akasema alikuwa anatafuta mahali pa kutupa vipande, vinamjazia uwanja. Siku ya pili akafukia jingine. Jirani akasimama njiani akamwita, "Mzee Malaria! Unahama?"

"Nawafukuza wapangaji," akajibu Baba, wala hakuacha kushindilia.

Jirani akacheka, na Shangazi, Baba naye alicheka. Tangu siku ya mjenzi yule sijamwona akicheka akiitwa jina hilo.

Amefukia yote yasiyotumika. La samaki amelibakiza, ndilo atakalochotea maji ya kukandia udongo. Na amebakiza lile kubwa la nyuma ya tanuri. Jana nikamsaidia kusukuma toroli, tukafika pale, akasimama.

"Na hili?" nikauliza.

"Hili siligusi."

"Kwa nini, Baba? Ndilo baya kuliko yote."

"Najua. Ndilo alilolichota siku ile." Akachukua kipande cha tofali, akakigeuzageuza, akakirudisha kwenye toroli. "Nikilifukia peke yangu atakuja aseme nimefukia vibaya. Yeye si ndiye mtaalamu? Aje ashindilie mwenyewe. Mimi nitamletea vipande tu."

"Lakini ulisema mpaka aombe radhi."

"Radhi gani?" akasema Baba, kwa hasira kabisa. "Nani hapa ametaja radhi? Umesikia mtu ametaja radhi?"

Bibi akajibu kutoka dirishani kwamba yeye hajasikia.

Leo asubuhi Baba alikwenda dukani kwa muuza vifaa vya ujenzi, akarudi mikono mitupu, akanikuta naandika hii. Akazunguka meza. Akanisifu mwandiko, ambao hajawahi kuusifu. Kisha akasema kule nyuma ya tanuri kuna tope jingi, na watu wa ofisini huja na viatu vya ofisini, na muuza duka amekubali kumwekea jozi moja mpaka dereva wako atakaporudi na jibu. Akaniambia nisikuambie kwamba ni yeye anayeuliza.

Dereva anapiga honi. Shangazi, nijibu kwa gari hilihili: unavaa buti za mpira namba ngapi?

Mwanao